Alama Nyekundu kwenye Mkono wa Antene

Pale Kamembe, kwenye barabara inayoteremka kwenda mpakani, Mzee Vénuste ana ukumbi mrefu wa kuuza chai, na juu ya paa la zege la jikoni ana antene kubwa ya wavu ambayo kwa miaka miwili haikuonyesha kitu chochote isipokuwa cheo cha mwenyewe. Aliinunua Bukavu kwa mapadri waliokuwa wakihama. Ilivushwa mpaka vipande vipande, juu ya vichwa vya wanaume wanne, na tangu siku iliposimamishwa kila mgeni wa nyumba ile alionyeshwa antene kabla ya kuonyeshwa choo.

"Hii inaona dunia muzima," Mzee alikuwa akisema, mikono nyuma.

"Na leo iko naona nini?" waliuliza bamama wa Bukavu waliokuja kusubiri mizigo yao na kunywa chai.

"Leo hapana. Leo ni moteri."

Huku kwetu antene ya namna ile haitazami mlima wala ziwa. Inatazama juu, utosini mwa mbingu, kwa sababu setilaiti zinapita vichwani mwetu kwa mstari kama siafu, toka mashariki hadi magharibi. Ukitaka picha za Kinshasa, sharti sinia lile liinamie upande mmoja. Ukitaka za Nairobi, liinamie mwingine. Kazi hiyo inafanywa na mkono wa chuma wenye moteri ndani, unaorefuka na kufupika, na chini ukumbini kunakuwa na kisanduku cha kuuamrisha. Mkono ulikuwepo. Kisanduku kilikuwepo, bado kiko ndani ya nailoni yake. Mtu wa kuviunganisha ndiye hakuwepo. Ama niseme alikuwepo ng'ambo ya barabara, ila alikuwa amekaa chini, na Mzee Vénuste hana mazoea ya kutazama chini.

Huyo alikuwa Benitha, mama wa Bella.

Alikaa juu ya kreti ya bia chini ya upenu wa farmasi, Bella mgongoni, miezi kumi, meno mawili, mate yakimlowesha mama yake shingoni. Mbele yake palikuwa na meza ndogo, chuma cha kuchomea risasi ya kuungia nyaya, testeri ya kupimia umeme ya marehemu baba yake, na redio za watu zikiwa zimefunuliwa matumbo. Baba huyo, Byiringiro, alikulia Bukavu, akajifunza redio sokoni Kadutu, na aliporudi nchini akakaa Nzahaha, akilima asubuhi na kutengeneza redio mchana. Hakuwa na mtoto mwingine wa kumshikia tochi. Benitha alimaliza shule ya msingi, akaishia hapo, lakini kushika tochi hakukuishia hapo. Alijua kuchoma risasi kabla ya kujua kusonga ugali, na ugali wake mpaka leo una madonge.

Baba yake alimwachia kanuni mbili. Ya kwanza: "Mwanangu, rangi ya waya ni nguo tu. Usiangalie nguo, uliza waya mwenyewe." Ya pili: ukifungua kitu cha umeme, chomoa waya wake wa ukutani, uufunge kwenye pindo la kitenge chako, ili mjinga asije akauchomeka mkono wako ukiwa ndani. Mjinga, baba alisema, hakosekani.

Kwa kweli pale upenuni hawakukosekana. Mwanamume alikuja na redio, akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Fundi iko wapi?"

"Ni mimi, papa."

"Hapana, fundi mwenyewe."

Basi Benitha akajifunza kusema: "Ametoka. Acha hapa, atarudi saa kumi." Saa kumi yule bwana alirudi, akakuta redio inaimba, akasema, "Umuambie bwana yako anajua kazi." Bwana yake Valens alikuwa Bweyeye kwenye kazi ya barabara, mtu mwema, ambaye hawezi kutofautisha fyuzi na punje ya mahindi.

Sasa mwenye farmasi akamwambia kwamba mwisho wa mwezi anataka kuweka friji la vinywaji pale upenuni, kwa hiyo kreti iondoke. Benitha alizunguka Kamembe yote akitafuta kiupenu kingine. Hakupata. Kilichobaki ni kurudi Nzahaha kwenye jembe, na testeri ya baba yake ikakae ndani ya sanduku pamoja na cheti cha ubatizo.

Wiki hiyohiyo Mzee Vénuste akasimama ukumbini mwake. Ng'ambo ya barabara mtu alikuwa amefungua ukumbi mwingine wenye televisheni kubwa, na bamama wa Bukavu walikuwa wameanza kuhamia huko na mabeseni yao. Mzee akagonga meza kwa kijiko.

"Musikie bote! Siku ya Mungu, kisha misa, nataka picha za Kinshasa hapa. Na za Nairobi. Muntu atakayefanya antene itembee, namupatia chumba cha mbele, kile cha barabarani, mwaka muzima, bila kulipa. Funguo ndiyo hii."

Akaiinua. Ilikuwa na kamba ya kiatu.

Joséphine, mama mnene anayevusha vitenge kutoka Bukavu na kurudi na maziwa, hakumaliza chai yake. Alivuka barabara, akamwambia Benitha: "Maman Bella, simama. Funguo yako iko pale inaninginia."

Benitha alikwenda na testeri yake. Mzee alimtazama kama mtu anayetazama kuku aliyeingia kanisani.

"Weye? Na mtoto ku mgongo?"

"Mtoto hagusi waya, Mzee."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Lakini aliyekata shauri ni mkewe, Mukabera, aliyetokea jikoni na mwiko mkononi. Mukabera huyu ndiye anayehubiri kila Jumatano kwamba mila za mababu ni za giza na mkristo azitupe. Siku hiyo hazikuwa zimetupwa mbali.

"Antene iko juu ya nyumba!" alipiga kelele. "Mwanamuke kupanda juu ya nyumba? Kirazira, inakatazwa! Kwetu Rwanda mwanamuke hapande juu ya nyumba ya muntu, analetea mwenye nyumba mukosi. Unataka kuniulia bwana?"

"Maman, naweza kuanza huku chini..."

"Kirazira ni kirazira!"

Benitha akainamisha kichwa, akamrudisha Bella sawa mgongoni, akatoka. Alivyokuwa anatoka aliona kitu kimoja, maana macho yake hayana likizo: waya unaotoka kwenye antene ulikuwa umeungwa katikati, pale kwenye mfereji wa bati, na ulioteremka ukutani haukuwa na rangi za ule uliotoka juu.

Alhamisi akaja Shema, anayejiita Enjenieri. Alikuwa amekaa Kigali miezi mitano. Wanaosema kwamba huko alikuwa akibeba ngazi za mafundi wanasema kweli, na ngazi, nasikia, aliibeba vizuri sana. Alirudi na kofia ngumu ya njano, kizibao cha kung'aa, glavu, na kalamu nne mfukoni. Mukabera alimpa kiti chenye mto.

Benitha alikuwa pale ukumbini, kwenye kona, akitengeneza simu ya Joséphine. Hakuna aliyemwona. Kuna watu ambao ukikaa kimya wanadhani na macho umeyafumba.

Shema akavua kofia, akaivaa tena, akageuza kisanduku nyuma. Nyuma kuna matundu manne ya nyaya: mawili ya moteri, mawili ya kile tunachokiita jicho. Jicho ni kijikioo chembamba kama punje ya mchele, kinachokaa kule juu kwenye mkono wa antene. Moteri ikizunguka, sumaku inapita karibu nacho, na vijichuma viwili vilivyomo ndani vinagusana na kuachana, vinagusana na kuachana. Kila mguso kisanduku kinahesabu moja. Kwa kuhesabu hivyo ndivyo kinavyojua mkono umefika wapi.

"Nyaya nne," Shema alitangaza. "Ya bulu na ya kahawia, hizi ni za kuranti, umeme wa moteri. Ni sheria ya dunia muzima. Hizi zingine mbili ni za kusaidia."

"Za kusaidia nini, Enjenieri?" Mzee aliuliza.

"Kusaidia tu."

Akafunga bulu na kahawia kwenye moteri. Hakupanda kutazama ni waya gani umeunganishwa na upi pale kwenye mfereji. Aliangalia nguo, hakuuliza waya. Akabonyeza kitufe cha mashariki. Kisanduku kikaguna. Juu ya zege antene haikujongea hata unywele. Kwa sekunde tatu nzima akashikilia kitufe, kama mtu anayemkaba jirani, akipeleka umeme wa moteri ndani ya kile kijikioo cha punje ya mchele.

Benitha akafumba macho. Alijua kwamba jicho limeungua.

"Inapashwa moto kwanza," Shema alieleza.

Kisha akabadilisha nyaya, bulu na kahawia huku, zile mbili kule, akabonyeza tena. Safari hii moteri ikalia juu, na sinia likainama! Ukumbi ukapiga makofi. Likainama kiasi cha vidole viwili, likasimama. Akabonyeza, vidole viwili, likasimama. Kwenye kisanduku zikaandikwa herufi za hitilafu.

"Inasema nini?" Mzee akauliza.

Shema alitazama zile herufi muda mrefu, kama mtu anayesoma barua ya mkopo wa mwingine.

"Inasema setilaiti imetoka fasi yake."

"Imetoka? Imeenda wapi?"

"Mzee, bile bintu binatembea. Iko juu kule, hakuna muntu anaichunga. Na kisanduku pia kimekufa. Tutaagiza kingine."

"Mpaka siku ya Mungu?"

"Hapana, kisha miezi mibili hivi."

Mzee akakaa. Wale bamama wawili waliokuwa mezani karibu na mlango wakafunga mabeseni yao, wakavuka barabara kwenda ukumbi wa ng'ambo, wala hawakuaga. Hilo lilimuuma kuliko setilaiti kupotea.

Ndipo Benitha akasema, bila kunyanyua uso kutoka kwenye simu: "Kisanduku hakikufa. Ni kipofu."

"Nani anasema?" Shema akageuka.

"Mimi, papa. Huku chini kwenye kona."

Joséphine akacheka kwa pua. Mzee, ambaye sasa hakuwa na cha kupoteza, akapunga mkono: sema. Benitha akainuka, akachomoa waya wa umeme wa kisanduku ukutani, akaufunga kwenye pindo la kitenge chake fundo mbili, kisha akazitoa nyaya zote nne na kuziuliza moja moja kwa testeri. Mbili zikajibu kama moteri inavyojibu. Mbili zikajibu kwamba zimegusana.

"Enjenieri, naomba upande uzungushe mkono kidogo kwa spana."

Shema alipanda kwa sababu Mzee alimtazama. Alizungusha. Zile mbili zikaendelea kusema zimegusana, zimegusana, bila kuachana.

"Zingekuwa zinasema ndiyo, hapana, ndiyo, hapana," Benitha alisema. "Zimekwama kwenye ndiyo. Jicho limeungua, limegandana. Moteri inatembea lakini kisanduku hakioni. Ni kama muntu amefungwa kitambaa machoni: anapiga hatua tatu, anasimama, anaogopa shimo. Kisanduku kina akili."

"Mwenye hana akili ni ule alikifunga kitambaa," Joséphine akamalizia.

"Jicho lingine linapatikana wapi?" Mzee aliuliza. "Kigali?"

Benitha akatoa kopo la dawa ya meno ya zamani, la baba yake, akalitingisha. Ndani, kwenye pamba, mlikuwa na vijikioo viwili.

Basi hapo ndipo ungemwona Mukabera! Aliweka mwiko chini, akafuta mikono, akaleta ngazi mwenyewe.

"Panda, mwana wangu, panda. Nitakushikia mtoto."

"Kupanda wapi, maman?"

"Juu ya nyumba."

"Kirazira, maman."

"Aah, Mungu haangalie bile."

"Juzi ulisema nitaua Mzee. Mimi sitaki kuua Mzee. Ana watoto." Alisema kwa sauti yake ileile ya chini, huku akimpigapiga Bella matakoni ili alale. "Enjenieri yuko na kofia. Apande yeye. Mimi nitasema."

Sasa tazama uzuri wa jambo hilo. Shema, kalamu nne mfukoni, akapanda kwa mara ya pili. Benitha alisimama uani, jua machoni, mtoto mgongoni, waya wa umeme pindoni, na kwa muda wa saa nzima mdomo wake ukawa kichwa na Shema akawa vidole.

"Fungua kifuniko cha chini ya moteri. Skrubu mbili."

"Nimeona tatu!"

"Ya tatu si yako. Iache."

"Imetoka!"

"Irudishe."

Kijikioo cha kwanza alikidondosha kwenye mfereji wa bati, kikalia tiki, kikapotea. Benitha alihesabu vilivyobaki, kazi nyepesi, kilikuwa kimoja.

"Enjenieri. Hicho kilikuwa cha baba yangu. Hiki nacho ni cha baba yangu. Kingine hakuna. Vua glavu zako, kaa chini, shika kwa vidole viwili kama unashika jino la mtoto."

Alikaa chini kwenye zege, kizibao cha kung'aa kikigusa kinyesi cha njiwa. Akakishika kama jino la mtoto. Kikaingia.

"Sasa nitupie kamba." Benitha akafunga kwenye kamba chupa ndogo ya rangi ya kucha ya Joséphine, nyekundu kama pilipili. "Kwenye ule mchi wa chuma unaoingia na kutoka, paka duara, pale unapoanzia ganda lake. Nene, nione toka chini."

"Hii ni ya nini?"

"Ya kusaidia tu."

Bamama walicheka mpaka Joséphine akashika nguzo.

Walipomaliza, Benitha alifungua pindo, akarudisha waya ukutani, akaiweka kichwani nambari iliyokuwa kwenye kisanduku wakati duara jekundu likigusa ganda, akaanza kubonyeza kwa upole. Nambari zikahesabu. Aliendesha sinia mashariki hadi karibu na tanki la maji, akasimama kabla halijagusa, akaweka mpaka. Akalirudisha magharibi hadi karibu na ukuta wa jirani, akaweka mpaka wa pili. Kisha akatafuta polepole katikati, nambari moja moja, kama mtu anayetafuta kiroboto kwenye blanketi. Mara picha: wanawake wa Kinshasa wanagombana jikoni. Ukumbi ukalipuka. Wale wa ng'ambo wakatoka barazani kutazama. Jioni ile viti havikutosha.

Mzee Vénuste akasimama, akagonga kijiko. Akashukuru Mungu. Akashukuru mapadri. Halafu akamwita Shema mbele, akampa funguo yenye kamba ya kiatu.

Joséphine akaruka: "Mzee! Na Maman Bella?"

"Maman Bella alisaidia kusema, namushukuru. Lakini nani alipanda? Nani mikono yake ilifanya? Kusema ni kusema. Na wateja, mama, wakikuta mwanamuke ku chumba cha mbele watauliza fundi iko wapi."

Mukabera akaitikia: "Na hakupanda. Tulimuomba, akakataa."

Shema alipokea. Siwezi kusema hakuona haya. Aliangalia kofia yake. Lakini alipokea.

Benitha alikunja kitambaa chake, akaweka testeri mfukoni. Mlangoni akasimama tu kusema jambo moja, kwa sababu baba yake hakumfundisha kuacha kazi bila maelekezo.

"Kuranti ikikatika wakati antene inatembea, kisanduku kitasahau kilipofika. Musibonyeze tena. Muniite."

Hakuna aliyesikia. Wanawake wa Kinshasa walikuwa wameanza kupigana.

Nyumbani alimnyonyesha Bella, akafunga nguo za kwenda Nzahaha ndani ya mfuko wa mchele. Alilia kidogo, upande mmoja tu wa uso, ule ambao mtoto hakuwa anaushika.

Jumamosi mchana Shema alikuwa akiwaonyesha wageni: Kinshasa, Nairobi, Kinshasa, Nairobi. Sinia likawa linainamia huku na huku kama mlevi anayesalimu barabara. Katikati ya safari umeme ukakatika. Uliporudi, kisanduku kilidhani kiko Nairobi na sinia lilikuwa njiani. Shema akabonyeza Kinshasa: theluji, chenga tupu badala ya picha. Nairobi: theluji. Akabonyeza, akabonyeza, na kadiri alivyobonyeza ndivyo hesabu ilivyozidi kuachana na ukweli, mpaka sinia likagonga tanki la maji, ngoo, likasikika mpaka farmasi. Mipaka iliyowekwa haikulizuia, maana kisanduku kiliamini tanki liko mbali bado.

"Setilaiti imetoka tena?" aliuliza mama mmoja.

Jumapili, siku ya Mungu, baada ya misa, ukumbi ulijaa watu na televisheni ilijaa chawa weupe. Mzee alituma mtu kumwita Benitha. Benitha akajibu yuko anafua. Akatumwa wa pili. Yuko anaanika. Ndipo akaja Mzee mwenyewe, suti ya kanisani, viatu vikizama kwenye tope la kichochoro kile ambacho hajawahi kukikanyaga. Nyuma yake Shema, bila kofia.

"Maman Bella."

"Karibu, Mzee. Hakuna kiti. Kreti yangu iko farmasi, mpaka mwisho wa mwezi."

"Antene..."

"Nimesikia. Iligonga tanki."

"Kuja, mwana wangu. Dakika kidogo tu. Utasema, Enjenieri atapanda."

Benitha alikamua nepi ya Bella mpaka tone la mwisho, bila haraka.

"Mzee, ulisema kusema ni kusema. Siku hizi sisemi. Kazi za uani nimeacha. Nikifanya, nafanyia ndani ya chumba, kuna meza, kuna mlango, mtoto wangu hanyeshewi. Ukinipata ku chumba cha mbele, nitakuja. Ukinipata hapa, niko nafua."

Mzee alimtazama Shema. Shema tayari alikuwa ameingiza mkono mfukoni. Ile kamba ya kiatu ilitoka kwanza.

"Muchukue tu," alisema taratibu. "Bananiletea maredio. Ziko saba mule ndani. Sijui hata moja."

Hilo ndilo neno la kwanza la ufundi nililowahi kusikia ametamka.

Benitha akaifunga funguo kwenye pindo la kitenge, fundo mbili, palepale anapofunga waya. Akamwinua Bella. Ukumbini hakugusa picha. Alisimama kwenye mlango wa uani, kisanduku mkononi, macho juu, akarudisha mkono wa chuma kidogo kidogo mpaka lile duara jekundu likagusa mdomo wa ganda lake. Pale akafuta hesabu na kuandika ile nambari ya siku ya kwanza, aliyokuwa nayo kichwani. Akabonyeza Kinshasa. Kwaya ikatokea, mavazi ya zambarau, midomo wazi. Shema hakupanda popote. Mzee alikaa kwenye kiti cha nyuma kabisa na alikuwa wa mwisho kupiga makofi.

Chumba cha mbele kilinuka panya. Kilikuwa na mifuko mitatu ya saruji iliyoganda na kipande cha bati la kuzibia dirisha. Jumatatu asubuhi Benitha alifagia, akaweka kreti, akamlaza Bella kwenye mkeka juu ya saruji, akaanza na redio ya kwanza kati ya zile saba. Nje alimsikia Mukabera akiwaambia wageni, kwa sauti ya kuhubiri: "Fundi wetu ni mwanamuke! Mimi ndiyo nilimuona wa kwanza, nikamuletea na ngazi."

Saa nne akaingia mwanamume na redio kubwa kwapani. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akamtazama mtoto.

"Fundi iko wapi?"

Benitha akavuta redio kwake, akachomoa waya wake, akaufunga pindoni pamoja na funguo.

"Kaa, papa," alisema. "Umemukuta."